Zaidi ya Hati: Kumbukumbu za Ardhi za Serikali ya Shirikisho ya Marekani kama Chanzo cha Historia ya Familia, na Mafunzo Yake kwa Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna kumbukumbu za ardhi za Serikali ya Shirikisho ya Marekani zinavyotumiwa katika utafiti wa historia ya familia. Hoja kuu ni kwamba thamani ya kumbukumbu hizo haimo hasa katika hati miliki, bali katika jalada la ushahidi lililoitangulia hati hiyo na katika daftari lililosajili hata madai yaliyoshindwa. Makala yanaanza kwa kueleza mfumo wa upimaji uliozizaa kumbukumbu hizo, kisha yanachambua aina zake kuu na hatua za kuzitafiti. Baada ya hapo yanajadili makundi ambayo sheria iliyaingiza au kuyaacha nje ya kumbukumbu. Mwisho, makala yanabainisha mafunzo kwa nchi za Afrika Mashariki, ambazo sasa zinahamishia masjala zao za ardhi katika mifumo ya kidijitali.

Maneno makuu: kumbukumbu za ardhi, nasaba, jalada la madai, hati miliki, hifadhi ya nyaraka

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa kawaida methali hii hutumiwa kumwonya mfanyabiashara asiyeweka hesabu. Hata hivyo, inaweza pia kusomwa kinyumenyume: pale daftari linapobaki, habari hubaki hata baada ya mali kwenda. Familia inaweza kuuza shamba, kuhama na kusahau jina la kijiji ilikotoka, ilhali karatasi iliyoandikwa siku ya kudai shamba hilo ikaendelea kutaja umri wa babu, mahali alikozaliwa, idadi ya watoto wake na majina ya majirani waliomtolea ushahidi.

Utafiti wa historia ya familia nchini Marekani hutegemea kwa kiasi kikubwa kumbukumbu za namna hii. Sensa ya watu ilifanyika mara moja tu katika kila miaka kumi. Isitoshe, sehemu kubwa ya majedwali ya sensa ya mwaka 1890 iliharibiwa na moto uliotokea Washington mwezi Januari 1921. Kwa hiyo mtafiti anayefuatilia familia iliyohama kati ya mwaka 1880 na 1900 hukutana na pengo la miaka 20. Miaka hiyohiyo ndiyo ambayo maelfu kwa maelfu ya familia zilikuwa zikidai mashamba katika nyanda za magharibi. Kumbukumbu za ardhi huliziba pengo hilo kuliko chanzo kingine chochote cha kitaifa.

2.0 Ardhi ya shirikisho na mfumo wa upimaji

Jambo la kwanza ambalo mtafiti hana budi kulitambua ni kwamba si ardhi yote ya Marekani iliyopitia mikononi mwa Serikali ya Shirikisho. Majimbo 20 yaligawa ardhi yao yenyewe: makoloni 13 ya awali, pamoja na Maine, Vermont, Kentucky, Tennessee, West Virginia, Texas na Hawaii. Kumbukumbu za ugawaji wa kwanza wa ardhi katika majimbo hayo hutafutwa katika hifadhi za jimbo au kaunti. Majimbo 30 yaliyobaki huitwa majimbo ya ardhi ya umma, na ndiyo yanayohusika na makala haya.

Msingi wa mfumo wa shirikisho uliwekwa na sheria ya upimaji ya mwaka 1785. Ardhi iligawanywa katika miraba ya maili 6 kwa maili 6. Kila mraba uligawanywa katika vipande 36, na kila kipande kilikuwa na ekari 640. Robo ya kipande, yaani ekari 160, ikawa kipimo kilichozoeleka cha shamba la familia moja. Kutokana na utaratibu huo, kila shamba lina anwani ya kisheria inayotaja sehemu ya kipande, namba ya kipande, namba ya mraba na safu yake, pamoja na mstari mkuu wa upimaji. Anwani hiyo haibadiliki hata kaunti ikigawanywa, mji ukibadilishwa jina au mmiliki akifariki. Kwa mtafiti wa nasaba, anwani hiyo ndiyo ufunguo, kwa sababu majina ya watu hufanana na kuandikwa kwa tahajia tofauti, lakini vipande viwili vya ardhi havina anwani moja.

Mwaka 1812 iliundwa Ofisi Kuu ya Ardhi ili kusimamia uuzaji na ugawaji. Ofisi hiyo ilikuwa na matawi wilayani, ambako madai yalipokewa, huku nakala na majalada yakipelekwa Washington. Mwaka 1946 iliunganishwa na idara ya malisho, na kutokana na muungano huo ikazaliwa Idara ya Usimamizi wa Ardhi iliyopo hadi leo. Utaratibu wa kupeleka karatasi makao makuu umekuwa na manufaa ambayo waanzilishi wake hawakuyakusudia. Mahakama nyingi za kaunti ziliungua moto, nazo kumbukumbu zake zikateketea, lakini majalada ya shirikisho yalisalimika kwa kuwa yalikuwa mbali.

3.0 Aina za kumbukumbu na yaliyomo

*3.1 Hati miliki*

Hati miliki ni karatasi ambayo kwayo Serikali ya Shirikisho ilihamisha ardhi kwa mara ya kwanza kwenda kwa mtu binafsi. Zaidi ya kumbukumbu milioni 5 za hati za namna hii zimewekwa mtandaoni na Idara ya Usimamizi wa Ardhi, na mtu yeyote anaweza kuzitafuta kwa jina au kwa anwani ya ardhi bila malipo. Urahisi huo ndio unaowafanya watafiti wengi waishie hapo. Hata hivyo, hati yenyewe ina maelezo machache: jina la mpokeaji, ofisi ya wilaya, sheria iliyotumika, anwani ya kisheria na tarehe. Haisemi mpokeaji alikuwa na umri gani, alitoka wapi wala aliishi na nani. Kwa kifupi, hati ni jibu la mwisho la mazungumzo marefu, na mazungumzo yenyewe yamo katika jalada.

*3.2 Majalada ya madai*

Majalada ya madai ya ardhi yamehifadhiwa na Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka mjini Washington. Wingi wa yaliyomo hutegemea sheria ambayo mdai aliitumia. Aliyenunua kwa fedha taslimu, kwa mfano kwa bei ya chini kabisa ya dola 1.25 kwa ekari iliyowekwa mwaka 1820, kwa kawaida aliacha risiti na karatasi chache tu, kwa kuwa serikali haikuwa na sababu ya kumuuliza mengi.

Hali ni tofauti kabisa kwa waliodai ardhi chini ya Sheria ya Makazi ya tarehe 20 Mei 1862, maarufu kwa jina la Homestead Act, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1863. Sheria hiyo ilimruhusu mkuu wa kaya, au mtu aliyetimiza umri wa miaka 21, kudai hadi ekari 160 kwa malipo ya ada tu. Masharti yalikuwa kwamba awe raia au awe ametangaza nia ya kuwa raia, na kwamba aishi katika ardhi hiyo na kuiendeleza kwa miaka mitano. Kwa kuwa ardhi ilitolewa kwa sharti la makazi, ilimlazimu mdai kuthibitisha kwamba aliishi pale kwelikweli. Sharti hilo la kisheria ndilo lililozaa hazina ya historia ya familia.

Katika jalada la namna hii, hasa la miaka ya baadaye, mtafiti hukuta ombi la awali, risiti, tangazo la gazetini lenye majina ya mashahidi, na maelezo ya mdai aliyehojiwa chini ya kiapo. Maswali yalihusu jina lake kamili, umri, mahali pa kuzaliwa na anwani ya posta. Aliulizwa pia kama ana mke na watoto wangapi, nyumba ilijengwa lini na kwa vifaa gani, amelima ekari ngapi, amevuna mazao gani, na ni vipindi gani hakuwapo shambani na kwa sababu gani. Mashahidi wawili waliulizwa maswali yanayofanana. Ikiwa mdai alizaliwa nje ya nchi, jalada huwa na nakala ya tamko lake la uraia, na kwa njia hiyo humwelekeza mtafiti kwenye mahakama na mwaka ambao mhamiaji alijiandikisha.

Mfano unaojulikana ni jalada la Daniel Freeman wa Nebraska, anayehesabiwa kuwa miongoni mwa wadai wa kwanza kabisa wa siku ile ya tarehe 1 Januari 1863. Mashahidi wake, walipokuja kuthibitisha makazi yake baada ya miaka mitano, walieleza nyumba ya futi 14 kwa 20, yenye milango miwili na madirisha mawili, takriban ekari 35 zilizolimwa, banda la kondoo, ghala la mahindi, miti 40 ya matofaa na takriban 400 ya mifyulisi. Hati miliki ya Freeman haina hata neno moja kati ya hayo.

*3.3 Madaftari ya vipande vya ardhi*

Aina ya tatu ni madaftari yaliyopangwa kwa anwani ya ardhi. Kila dai liliandikwa humo mara lilipopokewa, likiwa na jina la mdai, tarehe na namba. Baadaye iliongezwa alama ya kuonyesha kama dai lilikamilika, liliachwa au lilifutwa. Umuhimu wa madaftari haya ni kwamba yanawataja walioshindwa. Zaidi ya hati milioni 1.6 zilitolewa chini ya Sheria ya Makazi, lakini wadai wengi hawakufika mwisho wa safari kwa sababu ya ukame, nzige, deni, ugonjwa au kifo. Hao hawamo katika hati za mtandaoni, na mtafiti anayetafuta kwa jina tu ataamini kwamba babu yake hakuwahi kudai ardhi. Daftari litamwonyesha namba ya dai lililofutwa, na namba hiyo humfikisha kwenye jalada. Si ajabu jalada la dai lililoshindwa likawa nene kuliko la aliyefaulu, kwa kuwa lina barua za malalamiko, ushahidi wa wapinzani na maelezo ya mjane anayeomba kuendeleza dai la marehemu mumewe.

*3.4 Ardhi ya malipo kwa askari*

Kabla ya mwaka 1862 serikali ililipa sehemu ya deni lake kwa askari kwa kuwapa vibali vya ardhi. Sheria ya mwaka 1855 ilipanua haki hiyo kiasi kwamba askari aliyetumikia hata siku 14 aliweza kuomba ekari 160, na mjane au watoto wake wadogo waliweza kuomba kwa niaba yake. Wajane walilazimika kuthibitisha ndoa, hivyo maombi yao huwa na viapo vya jamaa na mara nyingine kurasa zilizochanwa kutoka katika Biblia ya familia zenye tarehe za kuzaliwa na kufa. Tahadhari moja inahitajika hapa: vibali viliuzwa kwa wingi. Jina la askari kuonekana katika hati ya ardhi ya Iowa au Illinois si ushahidi kwamba aliwahi kukanyaga huko.

4.0 Hatua za utafiti

Kutokana na maelezo hayo, utafiti huwa na mpangilio ufuatao. Kwanza, mtafiti hubaini jimbo na kaunti ambako familia iliishi, kwa kutumia sensa, masimulizi ya wazee au makaburi. Pili, hutafuta hati miliki kwa jina na kunakili anwani ya kisheria, ofisi ya wilaya na namba ya cheti. Kuanzia mwezi Julai 1908 namba moja ya mfululizo ilitumika kwa nchi nzima, na majalada ya baada ya hapo huombwa kwa namba hiyo. Tatu, kama hakuna hati, hurudi katika daftari la vipande na kusoma madai yote yaliyowahi kuandikwa katika eneo husika. Nne, huomba jalada kamili. Tano, hutafuta hati za majirani, kwa sababu ndugu, wakwe na watu waliotoka kijiji kimoja walidai ardhi kwa kupakana. Jina la ukoo wa mke, ambalo karatasi nyingi hulificha, mara nyingi hugunduliwa shamba la pili.

Baada ya hatua hizo, mtafiti huhamia kaunti. Kumbukumbu za shirikisho huishia pale ardhi ilipotoka mikononi mwa serikali kwa mara ya kwanza. Mauzo, rehani na mirathi yaliyofuata huandikwa katika masjala ya kaunti.

5.0 Kumbukumbu zinamwona nani?

Kumbukumbu za ardhi si kioo cha jamii nzima. Zilimwona yule ambaye sheria ilimruhusu kudai. Mwanamke asiye na mume, mjane au aliyeachwa aliweza kudai kwa jina lake mwenyewe, kwa hiyo wanawake wa kundi hili wanaonekana wazi kuliko katika kumbukumbu nyingine za karne ya 19. Mwanamke aliyeolewa kwa kawaida hakuruhusiwa, naye hubaki mstari mmoja katika ushahidi wa mumewe. Wahamiaji kutoka China hawakuweza kupata uraia, na kwa sababu hiyo sharti la uraia liliwafungia mlango.

Kwa wazao wa Waafrika waliotumikishwa utumwani, suala hili lina uzito wa pekee. Sensa za mwaka 1850 na 1860 ziliwaorodhesha watumwa kwa umri na jinsia chini ya jina la mmiliki, karibu wote bila majina yao. Sensa ya mwaka 1870 ndiyo ya kwanza iliyowaandika kwa majina walioachwa huru. Sheria ya Makazi ya Kusini ya mwaka 1866 ilitenga takriban ekari milioni 46 katika Alabama, Arkansas, Florida, Louisiana na Mississippi, na hadi mwanzo wa mwaka 1867 ilitoa kipaumbele kwa walioachwa huru na kwa watu walioutii Muungano. Waliofaulu walikuwa wachache, kwani ardhi nyingi ilikuwa duni na wadai hawakuwa na mtaji, na sheria ikafutwa mwaka 1876. Hata hivyo, dai la mwaka 1866 au 1867, liwe lilifaulu au lilishindwa, linaweza kuwa maandishi ya kwanza ya serikali yenye jina kamili la mtu huyo.

Kwa mataifa asilia, ardhi iliyogawiwa walowezi ilikuwa ardhi yao. Sheria ya Dawes ya mwaka 1887 ilivunja umiliki wa pamoja na kugawa vipande kwa mtu mmojammoja, huku ziada ikifunguliwa kwa walowezi. Ardhi ya mataifa hayo ilipungua kutoka takriban ekari milioni 138 mwaka 1887 hadi takriban milioni 48 mwaka 1934. Ugawaji huo ulidai orodha za watu, na orodha hizo zingali na nguvu ya kisheria. Taifa la Cherokee, kwa mfano, hupokea raia kwa kigezo cha kushuka kutoka kwa mtu aliyeandikwa katika orodha za Dawes. Waliokuwa watumwa wa Wacherokee waliandikwa katika orodha tofauti, na utengano huo wa karani ulizaa mgogoro wa uraia uliofika mahakamani. Mwaka 2017 mahakama ya shirikisho iliamua kwamba wazao wao wana haki ya uraia. Karatasi iliyoandikwa kwa ajili ya kugawa mashamba ikawa, baada ya zaidi ya karne moja, ushahidi wa nani ni nani.

6.0 Mafunzo kwa Afrika Mashariki

Afrika Mashariki ina kumbukumbu za ardhi za aina yake ambazo hazijatumiwa vya kutosha kama chanzo cha historia ya familia. Katika mwambao wa Kenya, Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 iliwataka wenye madai kujitokeza na kuyathibitisha, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Serikali ya Kifalme. Wengi miongoni mwa Wamijikenda hawakutambuliwa katika utaratibu huo, na tatizo la maskwota limeendelea hadi leo. Nchini Uganda, Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 uligawa ardhi ya mailo, na katika miaka ya 1920 wakuu wa koo walipinga wakitetea viwanja vya mababu na makaburi yao. Katika Tanzania, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeweka utaratibu wa kuhakiki mipaka kijijini kabla ya kutoa hati ya hakimiliki ya kimila. Rwanda imesajili zaidi ya viwanja milioni 10 katika mpango wa kitaifa ulioanza mwaka 2009. Kenya ilizindua mfumo wa Ardhisasa mwaka 2021.

Mifano ya Marekani inaelekeza kwenye mafunzo manne. Kwanza, kuhamisha hati pekee katika kompyuta hakutoshi. Fomu za uhakiki, orodha za majirani waliohudhuria, pingamizi na maamuzi ya kamati ndizo zenye historia, na zote zinapaswa kupigwa picha na kuunganishwa na namba ya kiwanja. Pili, madai yaliyokataliwa yahifadhiwe sawa na yaliyokubaliwa. Mtu aliyenyimwa ardhi ndiye ambaye wazao wake watahitaji ushahidi zaidi, na jalada lake ndilo la kwanza kuonekana halina kazi. Tatu, nakala ikae mbali na asili yake, kwa kuwa moto, mafuriko na mchwa haviteui. Nne, uwazi uende sambamba na ulinzi. Jalada la mwaka 1870 halimdhuru aliye hai, lakini jalada la juzi lina taarifa za ndoa, mirathi na migogoro ya watu walio hai. Panahitajika sheria ya muda maalumu ambao baada yake majalada hufunguliwa kwa watafiti, badala ya kuachia kila masjala iamue kwa hiari yake.

Tahadhari pia inastahili kutolewa. Kumbukumbu iliyofunguliwa inaweza kuchochea madai mapya, na baadhi ya maofisa huona usalama katika kuifunga. Hata hivyo, mgogoro wa ardhi hauzaliwi na jalada, bali na kumbukumbu zinazokinzana. Panapokosekana maandishi, nafasi yake huchukuliwa na simulizi la mwenye nguvu zaidi.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kumbukumbu za ardhi za Serikali ya Shirikisho ya Marekani zimekuwa chanzo cha historia ya familia kwa sababu sheria iliwataka wadai wathibitishe maisha yao, na kwa sababu karatasi za uthibitisho huo zilihifadhiwa, za waliofaulu na za walioshindwa. Imebainika pia kwamba kumbukumbu hizo zina upofu wa sheria zilizozizaa, na mtafiti hana budi kuuliza nani hayumo kabla ya kutoa hitimisho. Kwa watunga sera wa Afrika Mashariki, swali si kama masjala za ardhi zihamishiwe katika mifumo ya kidijitali, kwa kuwa kazi hiyo imekwisha kuanza. Swali ni kitu gani kitakachohamishwa. Kila fomu ya uhakiki inayotupwa leo baada ya hati kutolewa inaondoka na jina la bibi, shahidi au jirani ambalo huenda halikuandikwa popote pengine.